Mstari wa nguvu umejaa, picha inaganda: wenye ving'amuzi vya antena Moshi na Arusha tukutane hapa

Mwana Kibosho (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimeshuka leo kutoka Kibosho kwa mama, mikono bado ina kutu ya bati. Siku tatu zimeishia juu ya paa. Nilichojifunza huko sioni vizuri kukaa nacho peke yangu, maana najua nyumba nyingi za huku mlimani zina shida hiyohiyo na wenyewe wanaendelea kununua vifaa wasivyovihitaji.

Mama anatumia king'amuzi cha antena, si cha dishi. Kwenye televisheni anafuata mambo mawili: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na misa ya Jumapili, kwa kuwa magoti hayamruhusu tena kupanda hadi kanisani. Tangu masika yaanze, picha ikawa inaganda, inakatika vimrabavimraba, sauti inakwaruza, halafu kioo kinakuwa cheusi. Fundi wa kwanza akasema king'amuzi kimekufa. Tukanunua kingine, hali ileile. Fundi wa pili akasema tunahitaji busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Tukanunua busta, akaichomeka nyuma ya televisheni pale sebuleni. Mstari wa nguvu ukaruka hadi 90. Picha ikabaki vilevile. Wiki iliyopita mama akanipigia: "Nimeizima, mwanangu. Habari zenyewe nazisikia nusunusu, naogopa nitaelewa vibaya." Hapo ndipo nikaomba ruhusa kazini.

Ukiingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya kutafuta chaneli, utakuta mistari miwili. Mmoja ni nguvu, wa pili ni ubora. Wengi wetu, mafundi wakiwemo, tunatazama ule wa kwanza. Mstari wa nguvu unapima kila kinachoingia kwenye waya katika masafa yale: mawimbi ya mnara, kelele, mwangwi uliogonga ukingo wa korongo, hata kelele ya busta yenyewe. Ubora ndio unaokuambia kama king'amuzi kinaweza kusoma kilichotumwa. Kwa mama nguvu ilikuwa 90, ubora ukicheza kati ya 0 na 20. Busta ilikuwa inakuza kelele pamoja na mawimbi, sawa na kuongeza sauti kwenye redio ambayo haijashika stesheni.

Enzi za analojia shida kama hii ilijionyesha mapema. Mawimbi yakipungua, chenga zinaongezeka kidogokidogo, mtoto anatumwa nje kuzungusha bomba huku mwingine akipaza sauti dirishani, "Hapohapo! Rudisha kidogo!" Dijitali haina chenga. Picha inabaki safi kabisa, na mawimbi yakishuka chini ya kiwango fulani inaporomoka yote kwa pamoja. Nyumba inaweza kukaa miaka mitatu kwenye ukingo wa kiwango hicho bila kujua, mpaka migomba ikue.

Naam, migomba. Antena yetu tuliifunga kwenye bomba ubavuni mwa nyumba, upande wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, wakati migomba ilikuwa mifupi. Sasa imeipita. Televisheni za antena zinatumia masafa ya UHF. Kwenye 600 MHz wimbi moja lina urefu wa sentimita 50 tu, na jani bichi la mgomba limejaa maji. Likinyeshewa ndiyo kabisa. Kiangazi mama alikuwa anapata picha kwa kubahatisha, masika yakamfungia.

Nilichofanya: niliitoa busta. Nikachukua antena ileile na bomba lilelile, nikazihamishia kona ya banda la ng'ombe, kama mita kumi na mbili kutoka pale, ambako kuna uwazi wa kutazama chini upande wa mjini. Kabla ya kufunga nilitembea nayo mkononi uwanjani, mdogo wangu akinisomea mstari wa ubora kwa simu. Hatua moja 15, hatua inayofuata 60. Nusu mita tu! Mawimbi yanayokuja moja kwa moja na yale yaliyodunda kwenye ardhi au bati yanakutana. Mahali pengine yanasaidiana, mahali pengine yanauana. Nilipofunga, nguvu ilisoma 61 na ubora 85. Nguvu imeshuka kutoka 90 hadi 61, na picha haijaganda tena.

Narudia kwa ajili ya mtu anayetaka kwenda dukani kesho asubuhi: mama alinunuliwa king'amuzi na busta, na vyote viwili havikuhitajika. Kilichohitajika ni kutembea na antena uwanjani. Karibuni tuchangie.

Mama Wawili, Moshono

Asante sana kaka. Mimi nina la kuuliza. Kwangu kuna chaneli kama kumi na tano zinapotea zote kwa wakati mmoja, nyingine zinabaki safi kabisa. Nimeambiwa nimalizie malipo. Nimelipa, bado. Hii nayo ni migomba? Huku kwangu hakuna mgomba hata mmoja.

Mwana Kibosho

Dada, umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Kwenye dijitali, mnara hautumi kila chaneli kwa masafa yake. Chaneli nyingi zinafungwa kwenye furushi moja, furushi linapanda kwenye masafa mamoja yenye upana wa 8 MHz. Kwa teknolojia tunayotumia Tanzania, ya DVB-T2, furushi moja linabeba chaneli kumi na zaidi bila shida. Kwa hiyo zikipotea kumi na tano kwa pamoja na nyingine ziko safi, lililopotea ni furushi moja. Malipo yakiisha kwa kawaida utaona ujumbe wa malipo, huoni picha ikiganda.

Fanya hivi. Nenda kwenye chaneli iliyopotea, bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti, angalia namba ya masafa. Halafu fanya vivyo hivyo kwenye chaneli iliyo safi. Zitakuwa tofauti. Hesabu zake ni nyepesi (hapa chaneli ni nafasi ya masafa, si stesheni): chaneli ya 21 ya UHF katikati yake ni 474 MHz, na kila inayofuata unaongeza 8. Ya 22 ni 482, ya 23 ni 490, mpaka ya 48 ambayo ni 690. Ukishajua masafa ya lile furushi, nenda kutafuta kwa mkono, andika namba hiyo, acha mstari wa ubora ukiwa kwenye kioo, kisha mtu asogeze antena taratibu. Unaitafutia furushi lililo dhaifu, yale mengine yatajitunza yenyewe. Mahali panapofaa masafa ya chini huenda pasifae ya juu, kwa sababu urefu wa wimbi si mmoja.

Fundi wa Pasua

Mleta uzi, nakupongeza kwa kumsaidia mama, lakini umetuchafulia busta. Nina miaka mingi kwenye kazi hii hapa Moshi. Busta si uongo. Kosa la fundi wenu ni kuiweka sebuleni.

Waya wa antena unakula mawimbi. Ule mzuri, RG-6, kwenye masafa haya ukiuvuta mita 20 karibu nusu ya kilichoingia juu hakifiki chini. Ule mwembamba wa bei ya chini ni mbaya zaidi. Ukigawa kwenda chumba cha pili kwa kigawanyio, unapoteza nusu nyingine na chenji. Sasa busta ikikaa chini, inapokea mawimbi yaliyokwisha kuchoka, inayakuza pamoja na kelele. Ikikaa juu, pale antena ilipo, inayakuza yakiwa bado mabichi, na waya ukila unakula kilichoongezwa. Busta ya juu hupata umeme kupitia waya huohuo wa antena kutoka kwenye kiboksi kilichoko ndani. Watu wanaweka kigawanyio katikati, umeme haupiti, busta inazimika, na busta iliyozimika ni kizuizi. Mteja ananiita kuniambia busta imeharibu zaidi. Haijaharibu, haijala chakula.

Halafu hujasema habari ya kuunga waya. Naomba useme.

Mwana Kibosho

Fundi, shikamoo. Umenisahihisha na nakubali. Kama nyumba iko mbali, mawimbi ni machache lakini ni safi, na waya ni mrefu, busta ya juu ina kazi yake. Ninachokataa ni busta kuwa jibu la kwanza kabla hata mtu hajapanda paani. Kama juu ubora ni sifuri, busta haitengenezi ubora.

Na waya, kweli nilipita haraka. Wetu ulikuwa umeungwa katikati kwa kusokota, ukazungushiwa utepe mweusi. Maji yalishaingia. Nilipoukata, ule wavu wa shaba wa ndani ulikuwa wa kijani. Wakuu, waya wa antena hauungwi kama waya wa taa. Ule una waya wa katikati, plastiki, kisha wavu wa kuuzunguka, na umbali kati ya hivyo viwili umepimwa. Ukiusokota, mawimbi mengine yanagonga pale na kurudi juu. Kama lazima uunge, tumia jeki zake za chuma za kukaza, na liwe ndani ya nyumba. Kabla waya haujaingia ukutani uache ushuke kidogo chini ya tundu ndipo upande, ili maji ya mvua yadondokee nje yasiufuate hadi kwenye king'amuzi.

Njiro

Wakuu mimi nina televisheni bapa kubwa, shemeji alinitumia kutoka Marekani. Ina sehemu ya antena nyuma. Nimechomeka, nimetafuta chaneli asubuhi hadi jioni, haipati hata moja. Jirani yangu ana ya bei ndogo kutoka dukani mjini, anapata bila king'amuzi. Antena tunachangia.

Fundi wa Pasua

Hiyo haitapata hapa, usijichoshe. Marekani wana mfumo wao, ATSC. Za Japani zina ISDB-T. Hata za Ulaya zilizo za zamani zinaweza kuwa na DVB-T ya kwanza tu, isiyosoma DVB-T2. Jirani yako yake imeandikwa T2 kwenye boksi. Televisheni yako ni nzima kwa kioo, inunulie king'amuzi cha T2, unganisha kwa waya wa HDMI, utaifurahia. Angalia pia umeme wake, nyingine za huko zinataka volti 110 tu. Ukiichomeka kwenye 230 yetu utatuita kwa habari nyingine.

Na hata ukiwa na T2 ndani ya televisheni, chaneli zilizofungwa kwa kadi ya kampuni itazikuta majina tu. Kuzifungua ni kazi ya king'amuzi cha kampuni hiyo.

Mzee wa Machame

Vijana, nimesoma yote. Mimi nakumbuka mwaka 2013 walipozima analojia huku kwetu. Moshi na Arusha ilikuwa tarehe 31 Machi, Jumapili ya Pasaka. Dar es Salaam walishatangulia tarehe 31 Desemba 2012. Wajukuu walikuwa wamekuja kwa sikukuu. Walipoondoka na televisheni ikaondoka. Nilikaa miezi bila, nikidhani kwamba dijitali ni ya watu wa mjini, kwa sababu mafundi waliokuja walisema korongo letu halishiki. Je, si bora sisi wa makorongoni tuhamie dishi tuachane na antena?

Mwana Kibosho

Shikamoo mzee. Umeniuma moyo uliposema ulidhani ni ya watu wa mjini. Nimewasikia wengine wengi wa rika lako wakisema hivyohivyo.

Dishi na antena vinatazama vitu viwili tofauti. Satelaiti iko angani, kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo dishi linatazama juu, na nyingine karibu utosini kabisa. Korongo halimsumbui mtu anayetazama juu, ilimradi mti usimzibe. Antena inatazama mnara ulioko ardhini, kwa hiyo kila kinachosimama kati yenu ni kizuizi: tuta, mti, nyumba ya ghorofa ya jirani. Mlima wetu umechorwa migongo na makorongo yanayoshuka kutoka juu, na mtu aliye chini kabisa kando ya mto anaweza kuwa kilomita kumi kutoka mnarani na asipate, huku wa mgongoni aliye mbali zaidi akipata vizuri.

Kwa hiyo mzee, kama nyumba iko chini kabisa na hakuna sehemu ya uwanja inayoona nje ya korongo, dishi ni jibu la haki. Ila usikubali kuambiwa "hapa hapashiki" na mtu ambaye hajatembea na antena kwenye uwanja wako wote. Mwambie atembee. Na macho yake yaende kwa majirani wenye picha nzuri: antena zao zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Hilo la pili wengi hawalijui. Mnara ukirusha mawimbi yaliyolala, wewe ukasimamisha vijiti, unajinyima sehemu kubwa ya mawimbi. Ukiiga antena ya jirani, iga na mlalo wake.

Ngaramtoni Juu

Sisi huku tunazibwa na ubavu wa Meru. Kilima cha pili mbele yetu kinaona mji, sisi hatuuoni. Niligeuza antena upande wa mji, hakuna kitu. Siku moja upepo ukaigeuza ikatazama kile kilima cha ng'ambo, upande mwingine kabisa, picha ikaja! Mke wangu akasema usiiguse. Sijaigusa hadi leo, lakini sielewi.

Mwana Kibosho

Mkuu, shemeji ana akili, usiiguse. Mnapokea mawimbi yaliyogonga kilima yakarudi. Analojia ingekupa picha mbilimbili, watu wenye vivuli pembeni. Mfumo wa sasa unagawa taarifa kwenye maelfu ya mawimbi madogo yanayorushwa kwa pamoja, kila moja likibeba taarifa zake polepole, na kati ya kifungu kimoja na kingine unaacha nafasi ya kusubiri mwangwi upite. Ndiyo maana mwangwi wa kilima unaweza kukutosha. Antena ya vijiti ya Yagi ina mlengo mwembamba, kwa hiyo ikitazama kilima inaacha mengine nje. Funga nati zake vizuri kabla ya upepo mwingine, na piga rangi alama kwenye bomba kuonyesha ilipo.

Boma Ng'ombe

Hapa kwetu ni tambarare, hakuna korongo wala migomba. Tatizo langu lilianza ulipojengwa mnara wa simu nyuma ya nyumba. Nina busta ya juu.

Fundi wa Pasua

Toa busta, ujaribu. Simu nazo zinatumia 700 na 800 MHz, jirani kabisa na masafa ya televisheni yanayoishia 694. Busta haichagui, inakuza vyote, na mnara ukiwa mgongoni inalemewa. Kama bila busta haitoshi, tafuta kichujio cha kuzuia masafa ya simu, kinawekwa kabla ya busta, si baada.

Na kwa tambarare, urefu ndio mchezo. Kwa ardhi iliyonyooka, antena ya mita 10 upeo wake ni kama kilomita 13, na mnara wa mita 100 upeo wake ni kama 41. Jumlisha, mnaonana hadi karibu kilomita 54. Ukiishusha antena hadi mita 4 unabakiwa na upeo wa kilomita 8. Lakini bomba refu tambarare ni kitu cha kuitisha radi. Lipelekeeni waya mnene wa shaba hadi kwenye nondo ya arthi iliyochimbiwa, na mawingu yakikusanyika chomoeni antena kwenye king'amuzi. Nimeshaona sebule iliyopigwa. Sitaki kuiona tena.

Mwana Kibosho

Asante fundi. Hilo la radi ningelisahau, na kwa mama bado sijaweka arthi. Mvua zinaendelea, ni kazi ya kwanza nitakayofanya nikirudi.

Mrejesho: Jumapili mama alitazama misa yote, mwanzo hadi baraka ya mwisho. Alinipigia ikiwa bado inaimbwa nyimbo ya kutokea, akaweka simu karibu na televisheni nisikie. Haikukatika hata mara moja, na nje mvua ilikuwa inanyesha.

Baadaye akaniambia bibi wa ng'ambo ya mto ametuma mjukuu kuuliza kama naweza kwenda kwake pia. Naenda Jumamosi. Nyumba yake iko chini zaidi kuliko yetu, nahitaji bomba la mita sita na nondo ya arthi. Fundi wa Pasua, kama unajua duka lenye bei nzuri hapo mjini, niandikie hapa. Na kama una nafasi Jumamosi hiyo, tupande wote.

Fundi wa Pasua

Bomba ninalo, limebaki kwenye kazi nyingine. Usinunue. Tukutane stendi saa mbili asubuhi.